Muda wa Kujuana: Yale Historia ya Mikutano ya Kanisa Inayotufundisha

Katika usharika wetu yuko mama mmoja ambaye kwa miaka 11 alikaa benchi la tatu kutoka nyuma. Alitoa sadaka yake, aliimba, alishiriki Meza ya Bwana, kisha akarudi nyumbani. Mwaka mmoja aliugua, akakosa ibada majuma matatu mfululizo. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Aliyekuja kutupa habari alikuwa jirani yake, mama wa Kiislamu, ambaye siku zote hizo alikuwa akimpelekea uji na kumfulia nguo. Tulipokwenda kumwona, wazee wawili na mwinjilisti, ilibidi jirani huyo atuongoze njia, kwa maana kati yetu hapakuwa na hata mmoja aliyeijua nyumba. Tulimwomba radhi mgonjwa. Akatujibu kwa upole: "Niliona mna shughuli nyingi."

Maneno hayo yalituuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mwaka ule tulikuwa tumefanya sikukuu ya mavuno, tamasha la kwaya, semina ya wanandoa, harambee ya paa na maadhimisho ya kuanzishwa kwa usharika. Mama yule alihudhuria karibu yote. Katika kila tukio watu mamia walikaa bega kwa bega kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Walisikiliza risala, salamu za wageni, utambulisho wa viongozi, nyimbo za kwaya sita na mnada wa kuku na ndizi. Kisha walipewa chakula wakiwa wamechoka, wakala haraka, wakakimbilia daladala. Ratiba ilikuwa na nafasi ya kila jambo, isipokuwa nafasi ya mtu kumgeukia jirani yake na kumuuliza, "Wewe ni nani, unaishi wapi, unaendeleaje?"

Sisi tulioandika insha hii tulikuwa katika kamati iliyopanga matukio hayo. Tumeiandika kwanza kama maungamo. Kisha tumeiandika kwa sababu tulipoanza kusoma jinsi watu wa Mungu walivyokusanyika tangu zamani, tuligundua kwamba tatizo letu si jipya, na kwamba waliotutangulia waliwahi kulishughulikia, mara nyingine vizuri na mara nyingine vibaya.

Sikukuu za Israeli: nusu siku ya kusikiliza, nusu siku ya kula

Watu wengi tukifikiria sikukuu za Agano la Kale tunafikiria sadaka na madhabahu. Lakini sikukuu zile zilikuwa pia safari. Mara tatu kwa mwaka watu walipanda kwenda mahali patakatifu, na safari yenyewe ilikuwa mkutano. Luka anatueleza jambo dogo ambalo huwa tunalipita haraka. Yesu alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walitembea mwendo wa siku nzima wakirudi kutoka Yerusalemu bila kujua kwamba amebaki nyuma. Walidhani yumo katika msafara, wakamtafuta kwa jamaa na kwa watu waliojuana nao. Mara nyingi tunawalaumu wazazi hao kwa uzembe. Lakini habari hiyo inaonyesha jinsi msafara ule ulivyokuwa: mtoto angeweza kutembea siku nzima mikononi mwa watu wengine na mama yake asiwe na wasiwasi. Hao walikuwa watu waliokwishajuana njiani, mwaka baada ya mwaka.

Tena tusome Nehemia sura ya 8. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, wamekusanyika Yerusalemu, na Ezra anasoma torati tangu asubuhi na mapema hadi adhuhuri. Hiyo ni ibada ndefu, hata kwa kipimo chetu. Lakini adhuhuri ilipofika, usomaji ulikoma. Watu waliambiwa waende wakale vinono na kunywa vitamu, na wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu. Amri hiyo haiwezi kutimizwa na mtu asiyemjua jirani yake, kwa sababu ili umpelekee sehemu asiye na kitu, kwanza lazima ujue ni nani asiye na kitu. Kwa hiyo nusu ya pili ya siku ilikuwa kazi, kama nusu ya kwanza. Asubuhi walilisikia Neno, na mchana walilitenda kwa kutazamana.

Korintho: meza iliyogawanyika

Kanisa la kwanza halikuwa na majengo. Lilikutana nyumbani kwa watu, na mkutano wake ulikuwa na mlo. Paulo mwenyewe alipofika Korintho alipata marafiki wake wakubwa kwa njia ya kazi. Matendo ya Mitume sura ya 18 inasema alikwenda kwa Akila na Prisila, Wayahudi waliotoka Italia baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi Rumi, akakaa nao kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja: kushona hema. Kufahamiana kulianzia kwenye sindano na ngozi, kukafika kwenye Injili. Watu hao wawili baadaye walisafiri na Paulo hadi Efeso, na kanisa likakutana nyumbani kwao. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi ya washarika husema kwamba watu kuulizana habari za kazi na biashara katika mikusanyiko ya kanisa ni kuleta dunia hekaluni. Yesu alifukuza waliofanya nyumba ya Baba yake soko. Lakini fundi kumtambua fundi mwenzake, na mmoja kumfungulia mwenzake mlango, ndivyo umisheni wa Korintho ulivyoanza.

Hata hivyo ni Korintho hiyohiyo iliyoharibu meza yake. Katika miaka ya 50 Paulo aliwaandikia kwamba wakikusanyika, mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Wanahistoria wengi wanalieleza hivi. Nyumba ya mtu mwenye uwezo ilikuwa na chumba cha kulia ambacho kilitosha watu wachache tu, kama tisa hivi. Mwenye nyumba aliwaweka humo watu wa hadhi yake, na wengine wakabaki uani. Isitoshe, watumwa na vibarua hawakuwa na mamlaka juu ya muda wao. Hapakuwa na siku ya mapumziko ya Jumapili. Walifika jioni, baada ya kazi, wakakuta waliowahi wamekwisha kula. Tiba ya Paulo ilikuwa fupi: mngojeane.

Tulipolisoma neno hilo katika kamati yetu, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha wote: "Je, kina mama wanaopika hula saa ngapi?" Tulijua jibu. Wanaamka saa 10 usiku, wanapika, wanapakua, wanaosha vyombo, na wanakula ukoko wageni wakishaondoka. Nasi tulikuwa na meza kuu yenye kitambaa cheupe na maji ya chupa, na meza nyingine zisizo na kitu. Kwa miaka mingi tumeihubiri sura ile ya Wakorintho bila kuona kwamba inatutaja.

Karthago na Herrnhut: mazungumzo kama sehemu ya ibada

Mlo wa upendo uliendelea kwa karne kadhaa. Maelezo mazuri ya zamani tunayapata hapa Afrika, katika mji wa Karthago, ambao leo uko Tunisia. Karibu na mwaka 197 Tertuliano aliandika kitabu cha kuwatetea Wakristo waliosingiziwa kwamba karamu zao ni za uchafu. Alieleza kwamba walianza kwa sala, wakala kadiri ya kuondoa njaa, wakazungumza kama watu wanaojua kwamba Bwana anawasikia. Baada ya kunawa mikono na kuwasha taa, kila aliyeweza aliitwa asimame aimbe, ama kutoka katika Maandiko ama wimbo wake mwenyewe. Walimaliza kwa sala. Tazama mpangilio huo. Mazungumzo yanatajwa pamoja na sala na wimbo. Yalikuwa na nafasi yake katikati, nayo yalikuwa na adabu yake.

Baadaye mambo yaliharibika. Karamu hizo zilianza kuleta fujo na majivuno, na katika karne ya 4 Mtaguso wa Laodikia ulikataza zisifanyike ndani ya makanisa. Polepole zikafifia sehemu nyingi. Hatuwalaumu maaskofu wale. Mlo bila upendo ni ulafi tu. Lakini pengo likabaki: Wakristo walizoea kukutana wakitazama mbele tu, bila kutazamana.

Pengo hilo lilijazwa kwa namna ya kushangaza mwaka 1727. Katika shamba la Mwungwana Nikolaus von Zinzendorf huko Saksonia, Ujerumani, wakimbizi wa imani kutoka Moravia walikuwa wamejenga kijiji kilichoitwa Herrnhut tangu 1722. Walikuja na mila na mafundisho tofauti, wakagombana vikali. Mwezi Mei 1727 walikubaliana kanuni za kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti walikwenda kanisani Berthelsdorf, kijiji cha jirani, wakashiriki Meza ya Bwana, na wakapatanishwa kwa machozi. Ibada ilipokwisha, watu hawakutaka kuachana. Walibaki katika vikundi vidogo wakizungumza juu ya yale waliyoyaona. Zinzendorf angeweza kuwaambia ratiba imekwisha. Badala yake alituma chakula kutoka nyumbani kwake, ili wasilazimike kutawanyika kwa sababu ya njaa. Kutokana na siku hiyo Wamoravia walianzisha tena karamu ya upendo, na John Wesley aliijua kwao alipokuwa Georgia, Marekani, mwaka 1737, kisha akaipeleka kwa Wamethodisti.

Kwetu Tanzania habari hii ina mwisho wa karibu. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwenye sherehe za kumtawaza mfalme wa Denmark. Huko alikutana na mtu aliyeitwa Anton, Mwafrika mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas, aliyemweleza mateso ya watu wake na jinsi dada yake alivyotamani kumjua Mungu. Katika sherehe ya kifalme, yenye mabwana na mabibi wa Ulaya, mazungumzo yaliyozaa matunda yalikuwa na mtumishi. Anton alifika Herrnhut mwaka huohuo kutoa ushuhuda wake. Mwaka 1732 wamisionari wawili wa kwanza wa Moravian waliondoka kwenda St. Thomas. Kazi iliyoanzia hapo ilienea nchi nyingi, na mwaka 1891 ikafika Rungwe, kusini magharibi mwa nchi yetu. Kanisa la Moravian katika Tanzania leo ni miongoni mwa makubwa ya Wamoravia duniani. Sherehe ya kutawazwa mfalme imesahauliwa na wengi. Mazungumzo ya pembeni ndiyo yaliyofika Rungwe.

Edinburgh 1910: "tupeni marafiki"

Tarehe 14 hadi 23 Juni 1910 wajumbe wapatao 1,200 walikutana Edinburgh, Uskoti, katika Mkutano wa Misioni wa Dunia. Mwenyekiti alikuwa John R. Mott wa Marekani, na katibu alikuwa J. H. Oldham. Kwa upande wa mpango, sisi wanakamati tunaweza kujifunza kwao. Taarifa za tume nane ziliandikwa na kuchapishwa mapema, wajumbe wakazipata kabla ya kufika. Ukumbini hazikusomwa neno kwa neno kama tunavyosoma risala zetu, zilijadiliwa. Msemaji katika mjadala alipewa dakika saba, na Mott hakuwa mtu wa kuongeza. Hivyo wakati ulipatikana. Wengi waliotoka huko wakiwa na anwani za wenzao waliendelea kuandikiana, na mwaka 1921 uhusiano huo ulizaa Baraza la Kimataifa la Misioni.

Lakini swali kubwa katika kila mkutano ni hili: nani yumo chumbani? Kati ya wajumbe wale 1,200, waliotoka makanisa ya Asia hawakufika 20. Afrika, ambayo ilizungumzwa sana, karibu haikuwepo kabisa. Ndipo jioni moja akasimama V. S. Azariah, kasisi kijana kutoka India, akasema wazi juu ya umbali uliokuwepo kati ya wamisionari na watumishi Wahindi. Alikiri kwamba wamisionari wamejitoa sana. Kisha akaomba jambo moja ambalo halimo katika bajeti ya misioni yoyote: marafiki. Wapo waliokasirika ukumbini. Hata hivyo miaka miwili baadaye, mwaka 1912, Azariah aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Dornakal, Mhindi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana.

Ombi la Azariah limekaa nasi kwa muda mrefu. Mtu anaweza kulishwa, kufundishwa, kuponywa na kubatizwa na watu ambao hawajawahi kukaa naye chini wakapiga soga. Mama yetu wa benchi la tatu alipokea kila huduma ya usharika. Hakupata rafiki.

Kikuyu 1913: meza iliyoleta mzozo

Historia hii isisomwe kana kwamba kukaa pamoja huleta amani siku zote. Mwezi Juni 1913 wawakilishi wa misioni za Kiprotestanti za Afrika Mashariki, wakiwemo Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wa Africa Inland Mission, walikutana Kikuyu, Kenya, katika kituo cha Kanisa la Skoti. Walitaka kushirikiana badala ya kugombania vijiji. Siku ya mwisho walishiriki Meza ya Bwana pamoja. Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Kianglikana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea.

Habari ilipofika Unguja, Askofu Frank Weston aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamefundisha uzushi. Mzozo ulifika magazeti ya Uingereza. Weston alikuwa mtu wa imani ya dhati, na hoja zake juu ya utaratibu wa kanisa hazikuwa za chuki. Lakini wale waliokuwa wamekaa pamoja Kikuyu walikwishajuana, na hilo halikufutika. Mwaka 1918 waliunda umoja wa misioni, na mwaka 1926 ukazaa shule ya Alliance palepale Kikuyu, iliyowalea viongozi wengi wa Kenya. Kukutana kwa kweli kunaweza kuleta mzozo. Kutokukutana huuacha mzozo ulale gizani, ukiendelea kukua.

Kuna jambo jingine la kusikitisha. Mkutano ule ulikuwa wa wamisionari, wakipanga mambo ya Waafrika. Marafiki ambao Azariah aliwaomba walikuwa bado hawajaonekana.

Namirembe 1929: mkutano usio na ratiba

Walionekana kwa njia nyingine. Joe Church alikuwa daktari Mwingereza katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Njaa kali ya 1928 na 1929 ilikuwa imewamaliza watu na imemmaliza yeye pia, mwili na roho. Alikwenda Kampala kupumzika. Huko, katika kilima cha Namirembe, mwaka 1929, alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa na kiu kama yake. Kwa siku mbili wawili hao walikaa na Biblia, wakafuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Hapakuwa na mgeni rasmi wala risala. Alikuwepo Mzungu mmoja na Mwafrika mmoja, na muda wa kutosha.

Kutokana na urafiki huo na wengine mfano wake, pamoja na watu kama Blasio Kigozi, ndugu wa Nsibambi, na Yosiya Kinuka, uamsho ulitoka Gahini ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Mwaka 1935 mkutano mkubwa ulifanyika Kabale, na miaka kumi baadaye, 1945, watu walikutana tena hapohapo. Wazee wetu walioshiriki mikutano ya uamsho walitusimulia zaidi juu ya yaliyotokea kando ya mahubiri: watu wa makabila mbalimbali kulala chumba kimoja, kuchota maji pamoja, kuombana msamaha chini ya mti, Mzungu kuungama mbele ya Mwafrika. Baada ya mikutano mikubwa viliendelea vikundi vidogo vya kila juma, ambako kila mmoja alijulikana kwa jina na kwa dhambi zake. Wakati wa vita vya Mau Mau Kenya, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo na pia walikataa kushika bunduki dhidi ya ndugu zao. Baadhi yao waliuawa. Urafiki wao ulikuwa na uzito wa kufa.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Vikundi hivyo mara nyingine viligeuka kuwa uzio: waliookoka ndani, wengine nje. Na Rwanda, nchi ambayo uamsho ulianzia, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Majirani waliojuana majina, walioimba kwaya moja, waliuana. Na watu waliokimbilia makanisani, kama Ntarama na Nyamata, waliuawa humohumo. Walikuwepo pia Wakristo waliowaficha majirani zao kwa gharama ya uhai. Hatuwezi kuandika insha ya kusifu kujuana kisha tukaipita habari hii. Inatufundisha kwamba kujua jina la mtu hakutoshi. Lazima tumjue kama Kristo anavyomjua, kuwa ni mtu aliyefiwa na Bwana msalabani. Kujuana bila toba kunaweza kuwa orodha tu. Ndiyo maana muda wa kukaa pamoja kanisani hauwezi kutenganishwa na Neno, sala na ungamo.

Tulichobadilisha

Baada ya kuyasoma hayo, tulirudi kwenye ratiba ya maadhimisho yaliyofuata tukiwa na kalamu nyekundu. Hatukufanya jambo kubwa. Tunayataja hapa ili sharika nyingine zipime, zichukue yanayofaa.

Kwanza, taarifa za vikundi zilichapishwa na kugawiwa Jumapili iliyotangulia, kama Edinburgh. Siku yenyewe hakuna iliyosomwa. Msemaji alipewa dakika saba, na mzee mmoja asiyeogopa mtu alikaa mbele na kengele. Kwa njia hiyo tulipata karibu saa mbili.

Pili, mlo ulihamishwa kutoka mwisho kwenda katikati. Watu wakila mwisho, mawazo yao yako kwenye usafiri. Wakila katikati, wanajua hawaendi popote bado.

Tatu, meza kuu iliondolewa. Hili lilileta maneno. Wapo waliosema tunamvunjia heshima mgeni. Tulimwendea mgeni mwenyewe mapema, tukamweleza kwa adabu, na akakubali kwa furaha. Alikaa kati ya bibi mmoja anayeuza mkaa na kijana wa kwaya. Heshima yake haikupungua.

Nne, wapishi walikula pamoja na wote. Wanaume wa usharika na vijana walipakua na kuosha vyombo. Wali uliungua kidogo chini, na hakuna aliyekufa.

Tano, kila meza ilikuwa na watu wa jumuiya tofauti, na mzee mmoja wa kuwafungulia mazungumzo kwa maswali mepesi: umetoka wapi, unafanya kazi gani, tukuombee nini? Hapo fundi cherehani alimpata binti aliyetafuta mahali pa kujifunza. Wazazi wawili waligundua kwamba watoto wao wanasoma shule moja na wanaumwa ugonjwa mmoja. Mjane mmoja alisema kwa mara ya kwanza kwamba shamba lake limechukuliwa na shemeji zake, na aliyekaa naye alikuwa karani anayezijua taratibu za baraza la ardhi. Hayo yote tungeweza kuyapata mwaka uliopita. Watu walewale walikuwa katika jengo lilelile. Walikosa muda tu.

Hatukufanikiwa katika kila jambo. Vijana wengi walikaa pamoja wakatazama simu. Watu wawili waliotengana kwa ugomvi wa zamani waliwekwa meza moja bila sisi kujua, na mmoja akaondoka. Tena wapo wenye haya ambao kuulizwa maswali mbele ya wengine ni mateso kwao. Kwa hao tumejifunza kuandaa kazi za mikono, kama kumenya ndizi, kwa kuwa wengine huzungumza vizuri mikono ikiwa na kazi. Tutaendelea kurekebisha.

Mama yetu wa benchi la tatu alikuwepo. Alipona, ashukuriwe Mungu. Tulipokwenda kumwalika, tulimwomba amlete na jirani yake. Walikuja wote wawili, wakakaa meza moja na mwinjilisti. Wakati wa utambulisho, mama huyo wa Kiislamu aliulizwa yeye ni nani katika usharika wetu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi ndiye ninayejua nyumba yake."

Tulicheka wote, kisha tukanyamaza. Wapendwa, kabla hatujaandika ratiba nyingine, tujiulize swali hilohilo: kati yetu tuliokaa benchi moja Jumapili iliyopita, ni wangapi tunajua nyumba ya mwenzetu? Bwana aliyetuita kwa majina yetu atujalie saa ya kuulizana majina, na atusaidie tuilinde saa hiyo kama tunavyoilinda saa ya sadaka.